Uzi maalum: Kijana mwenye milioni chache unayetaka kuanza na viwanja na nyumba Dar, soma hapa kabla hujamlipa mtu

Habari zenu wadau.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili huku Temeke, kazi yangu kubwa ni kuandaa mikataba ya mauziano na kufuatilia makaratasi ya ardhi, kwa hiyo wanunuzi wa kila aina napishana nao. Miaka hii ya karibuni wanaokuja wengi ni vijana wadogo kabisa, miaka 23, 25, 27, mtu ana milioni 4 au 6 kazidunduliza kwenye bodaboda, uwakala wa simu, mshahara wa kwanza kwanza, na dalali kashamwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni na hela mkononi. Karibu wote swali lao ni moja, dada eneo gani linapanda bei saa hizi, Kigamboni, Chanika au Mapinga?

Mimi nasema hilo swali lije baadaye sana. La kwanza ni huyu anayeniuzia ni nani na ana nini mkononi cha kuonyesha kwamba ni chake. Eneo linaweza lisipande miaka mitano na wewe ukawa bado una kiwanja, lakini ukinunua kwa mtu ambaye sio mwenye mali hata eneo lipande mara kumi wewe huna kitu, una karatasi na kesi.

Tuanze na makaratasi maana hapa ndio watu wanachanganya. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ardhi yote ni ya umma na Rais ndio mdhamini, wewe unachopewa ni haki ya kuimiliki kwa muda, ndio maana ukiifungua hati miliki utakuta imeandikwa miaka 33, 66 au 99. Hati ndio karatasi kubwa kuliko zote. Kuna wenye ofa, ile barua ya toleo, viwanja vingi vya ule mradi wa viwanja 20,000 wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 (Kibada, Tuangoma, Mwanagati, Bunju huko) vilianzia kwenye ofa na wapo ambao mpaka leo hawajaigeuza kuwa hati. Kuna leseni ya makazi, hii inatolewa kwenye maeneo ambayo hayajapangwa, ni ya muda mfupi na inahuishwa. Halafu kuna kundi kubwa kuliko yote, mkataba wa kuandikiana kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, muhuri wa mwenyekiti, mashahidi wawili, basi.

Sisemi hilo la mwisho usinunue kabisa, nusu ya mji tungelala wapi? Ninachosema ujue unanunua nini na bei ifanane na hicho unachonunua. Kiwanja cha mkataba wa mtaa hakiwezi kuuzwa bei ya kiwanja chenye hati eti kwa sababu wako jirani. Na benki kwa kawaida mkopo wa nyumba hawakupi bila hati, hilo likae kichwani toka mwanzo kama ndoto yako ni kuja kujenga kwa mkopo.

Sasa ukiambiwa kina hati usiishie kupigiwa picha ya hati kwenye wasap. Chukua namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati, nenda ofisi ya ardhi kafanye sachi. Sachi itakuambia jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio limewekwa na mtu. Ulizia na deni la kodi ya pango la ardhi hapo hapo, maana deni linakaa na kiwanja, halimfuati aliyeondoka. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mamilioni unayotaka kutoa, na bado watu hawafanyi kwa sababu dalali kasema tutachelewa. Muuzaji anayekasirika ukimwambia subiri nifanye sachi, achana naye siku hiyo hiyo.

Kama hakijapimwa sachi haikusaidii, kazi inakuwa ya miguu. Nenda siku ambayo dalali hayupo, ongea na majirani wa pande zote nne, waulize mipaka na waulize nani alikuwa analima pale. Halafu nenda halmashauri kwenye idara ya mipango miji uombe kuona mchoro wa eneo. Watu wanauziwa maeneo ambayo kwenye mchoro ni shule, ni makaburi, ni barabara ya mita 20, muuzaji hata hakudanganya, ni shamba la babu yake kweli, ila mchoro umeshapita juu. Na ujue halmashauri ipi, ukivuka kwenda Vikindu, Kisarawe au Mapinga hiyo sio Dar tena ni mkoa wa Pwani, faili hulikuti Temeke wala Kinondoni.

Mirathi. Naomba hapa msome taratibu maana ndio kesi nyingi zinazotuingilia mlangoni. Mzee kafariki, ameacha eneo la ekari mbili tatu, watoto saba wa mama wawili. Kaka mkubwa anakuja kuuza, amebeba muhtasari wa kikao cha ukoo, umeandikwa vizuri kabisa, una sahihi za wajomba na muhuri wa mtaa. Mnunuzi anaona karatasi imejaa mihuri anapoa moyo. Muhtasari wa ukoo unampendekeza tu mtu, anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Bila barua ya mahakama yule kaka anauza mali ya marehemu na yeye ni mrithi kama wenzake tu. Baada ya mwaka dada yao anarudi kutoka Oman au Tunduma huko, anauliza nani kauza, na wewe umeshamwaga msingi. Kwa hiyo omba barua ya usimamizi, piga nayo hodi kwenye mahakama iliyoitoa wahakikishe namba ya shauri, na hata ukiipata bado watake warithi wote watu wazima wasaini kukubali. Watakuambia unasumbua. Sumbua.

Kama muuzaji yuko hai na ana mke au mume, mwenzake asaini kuridhia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia, huwezi kuiuza kimya kimya mwenzako hajui, na mnunuzi ambaye hakuuliza anaingia kwenye mgogoro ambao sio wake.

Jambo lingine ni vipimo. Huku pembezoni bado watu wanauza kwa hatua, ishirini kwa ishirini, na mpimaji ni dalali mwenyewe anatembea mbele yako anahesabu kwa sauti. Hatua yake ikiwa sentimita 85 basi ishirini zake ni mita 17, na 17 kwa 17 ni mita za mraba 289 wakati akili yako inasema 400. Hapo umekosa mita za mraba 111, kama bei ni elfu 15 kwa mita umelipia shilingi 1,665,000 za hewa. Futi kamba ya mita 50 iende na wewe, shika ncha moja mwenyewe. Na ekari ile ya hatua 70 kwa 70 nayo ni hivyo hivyo, ekari halisi ni kama mita za mraba 4,047. Mnaojichanga kununua ekari mkate viwanja vya 400 msijipigie hesabu ya viwanja kumi, toeni barabara kwanza, mkibaki na saba mshukuru.

Halafu hifadhi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na ufukwe, kuna hifadhi za barabara, kuna njia za umeme mkubwa, kuna mkuza wa bomba la gesi. Walioko Kimara wanakumbuka 2017, alama za X nyekundu toka Kimara kwenda Kibamba mpaka Kiluvya na nyumba za maana zikaenda chini kupisha barabara ya Morogoro. Bonde la Msimbazi nalo mwishoni mwa 2015 kuingia 2016 tuliona wote nyumba zikivunjwa. Kiwanja cha bei ya kutupa jirani na korongo nenda kakitazame mwezi wa nne mvua zikiwa zimekolea, kiangazi korongo linaonekana kama njia tu ya ng'ombe.

Kuhusu lokesheni sasa. Msinunue kwa habari ya mradi unaokuja. Kigamboni mradi wa mji mpya ulitangazwa 2008, watu wakanunua kwa matumaini na wenyeji wakakaa miaka wakiwa hawajui kama wajenge au wasubiri fidia, ule mji wa kwenye michoro haukuja vile ulivyochorwa. Kilichobadilisha Kigamboni kwa macho ni daraja lilipofunguliwa 2016, kwa sababu lilikuwepo na magari yanapita. Leo utasikia hivyo hivyo kuhusu Soga kule Pwani na vituo vya SGR, reli ya kisasa. Treni ipo kweli, ilianza kwenda Morogoro 2024, lakini kiwanja chako kikiwa kilomita 9 ndani ya pori kutoka kituoni hiyo treni inakusaidia nini? Mimi naangalia vitu vitatu tu, nguzo ya umeme iko umbali gani, maji watu wanapata wapi, na mwanamke anayetoka kazini saa mbili usiku anafikaje nyumbani. Hilo la tatu ndilo litakupa mpangaji au litakunyima.

Hesabu ya kupangisha nayo niiweke wazi maana huko mitandaoni mnadanganywa kwamba ukijenga vyumba viwili umetoka. Tuseme kiwanja milioni 6, vyumba viwili masta vya kawaida milioni 16, jumla 22. Kila chumba elfu 120 kwa mwezi. Mwaka mzima ni 2,880,000 lakini vyumba havikai na watu miezi kumi na mbili, weka kumi, inabaki 2,400,000. Toa laki mbili za koki, vitasa, rangi na shimo la choo kunyonywa, inabaki 2,200,000. Ni miaka kumi kurudisha hela. Kodi za serikali bado hatujazigusa. Sio biashara mbaya, ndani ya miaka hiyo ardhi nayo inapanda na kodi ya chumba inapanda, ila ni biashara ya mtu asiyeitaka hiyo hela kesho. Kama hiyo milioni 6 ndio hela yako yote ya kula na ya dharura usiifukie ardhini. Kiwanja hakiuziki kwa siku mbili mama akiumwa, na ukilazimisha utauza nusu bei.

Gharama za pembeni ziandikwe kwenye mkataba nani anazibeba. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida kwa mtu mkazi na kisheria ni mzigo wa muuzaji, ila huku mitaani wauzaji wengi wanasema "mimi nataka yangu mkononi" na mnunuzi anajikuta analipa yeye, kwa hiyo jadilini kabla ya bei haijafungwa. Ukishakuwa na nyumba kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, toka 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Na ile asilimia 10 inayodaiwa na baadhi ya viongozi wa mtaa kila kiwanja kinapouzwa, haimo kwenye Sheria ya Ardhi.

Hela lipa kwa benki jina la muuzaji kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, sio kwa simu ya dalali, sio keshi kwenye bahasha. Karibuni maswali.

Mdau wa Gongo la Mboto:
Dada ubarikiwe sana. Mimi nina 27, mshahara laki 6, nimetunza milioni 2 na nusu. Kuna jamaa anauza Msongola milioni 5 na ofisi moja ya mikopo wako tayari kunipa hiyo iliyobaki nirudishe ndani ya miezi sita. Nifanye?

Mwanzisha uzi:
Mdogo wangu hapana. Hiyo milioni 2 na nusu kuirudisha kwa miezi sita ni zaidi ya laki 4 kila mwezi kabla hata ya riba, kwenye mshahara wa laki 6 utakula nini? Hizo ndio zinaitwa kausha damu, mwezi wa tatu utakiuza kiwanja chenyewe kumlipa aliyekukopesha. Kama kazini kuna SACCOS yenye riba ya kueleweka hapo tuongee. Vinginevyo endelea kutunza, na usitunze kwenye simu ambapo kila rafiki anajua, wengi naona wanaweka mfuko wa Ukwasi wa UTT, ule uwekezaji wa pamoja, hela inazaa kidogo na ukiihitaji unaitoa ndani ya siku chache za kazi. Muda huo huo wewe zunguka, jua bei, jua mitaa. Ukija kuwa na milioni 5 yako utakuwa unajua kuliko dalali.

Babu wa Tandika:
Mwanangu umeandika vizuri lakini umetisha vijana. Mimi nimenunua mwaka 1994 kwa kuandikiana kwa mjumbe na balozi, nimejenga, nimesomesha, mpaka leo hakuna aliyekuja kunisumbua. Mkiambiwa hati hati mtakufa wapangaji.

Mwanzisha uzi:
Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana na wewe kabisa na nimesema juu kwamba wengi tumekaa hivyo. Lakini mzee enzi zenu uliyenunua kwake alikuwa anajulikana mtaa mzima, na baada ya kununua ulihamia ukalala pale pale. Hawa wadogo zangu wananunua Chanika wanaishi Sinza, kiwanja wanakiona kwenye picha mara moja kwa mwaka. Sheria ya Ukomo inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kudai, akikaa kimya huku mtu mwingine anaishi na kujenga, anaweza kupoteza. Na kwenye hati kuna masharti ya kuendeleza, kawaida miezi 36. Ndio maana namwambia kila mtu hata kama huna hela ya kujenga zungushia seng'enge, panda michongoma, jitambulishe kwa jirani na mjumbe, piga picha bikoni zako, yale mawe ya mipaka, ujue ziko wapi. Mzee wewe ulilinda kwa kuishi, wao inabidi walinde kwa karatasi na kwa kutembelea.

Babu wa Tandika:
Hapo sawa mwanangu. Kweli sisi tulijuana.

Mama Kijacho:
Dada mimi na mchumba wangu tunataka kuchanga, yeye milioni 4 mimi milioni 3, ndoa ni mwakani. Anasema tuandike jina lake kwa sababu ndio kichwa cha familia, tukishaoana itakuwa ya wote. Nampenda na namwamini ila nimeona niulize.

Mwanzisha uzi:
Mpenzi andikeni majina mawili, leo, kabla ya ndoa. Sheria inaruhusu kabisa watu wawili kumiliki pamoja, na kwenye mkataba mnaweza kuandika hisa za kila mmoja, yeye 4 wewe 3 ijulikane. Kama anakupenda hilo halimpunguzii kitu. Na sio habari ya kuachana tu, kifo nacho kipo, akitangulia kabla ya ndoa ndugu zake hawakujui na hela yako haipo kwenye karatasi yoyote. Kila mmoja alipe mchango wake kutoka akaunti yake kwenda kwa muuzaji moja kwa moja, mbaki na risiti mbili.

Dogo wa Makumbusho:
Mkuu mimi sina hela ya kiwanja kabisa, nataka kukodi apatimenti ya vyumba viwili Kijitonyama niweke fenicha nipangishe kwa siku kwa wageni. Hiyo imekaaje?

Mwanzisha uzi:
Ni njia halali ya kuanza na nimeona vijana wanaiweza vizuri, ila mwenye nyumba akubali kwa maandishi. Mikataba mingi ya kupanga ina kipengele kinachokukataza kumpangisha mtu mwingine, ukikivunja anakutoa na miezi sita uliyolipa inaenda, fenicha inabaki barazani. Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba nyumba itatumika kupokea wageni wa muda mfupi, useme notisi ni miezi mingapi, na useme akiuza nyumba katikati wewe unarudishiwa nini. Majirani na mlinzi waongee nao mapema, malalamiko yao ndio yanafunga hizi biashara. Na hesabu yako ipige kwa siku 12 hadi 15 za mwezi zenye wageni, sio 30.

Mdau wa Gongo la Mboto:
Dada nimemwambia yule wa Msongola sina haraka, ghafla kashusha mpaka milioni 4. Na nimemuuliza karatasi anasema eneo ni la marehemu baba yake, wenzake wanajua.

Mwanzisha uzi:
Mwambie alete barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, nakala tu inatosha kwa kuanzia. Akiwa nayo pita ofisini tuisome pamoja. Akisema ipo kwa shangazi, ipo njiani, usitoe hata elfu kumi ya kushikia.